Usome Kozi Gani Ili Ufanye Kazi ya Roketi: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Tarehe 8 Machi 2021, katika uwanja wa majaribio wa Overberg huko Afrika Kusini, roketi iitwayo Phoenix-1B Mk IIr ilipaa hadi kimo cha kilomita 17.9. Walioiunda ni wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban. Ukiuliza wanafunzi hao walijiandikisha kozi gani, wengi wao watakujibu: uhandisi mitambo. Ni kozi ile ile inayofundishwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Vijana wanaopenda roketi huanza kwa kutafuta chuo chenye kozi yenye neno "roketi" au "anga za juu" kwenye jina. Wakiikosa karibu, hukata tamaa au huingia kozi yoyote yenye picha ya ndege kwenye tangazo. Msimamo wangu ni huu: kwanza chagua sehemu ya roketi unayotaka kuishughulikia, pili angalia ni nchi gani sheria itakuruhusu kuishughulikia, ndipo uchague kozi. Ukifuata utaratibu huo, huenda ukagundua kuwa kozi nzuri kwako iko mkoani kwenu.

Hatua ya kwanza: Fanya hesabu moja kabla ya kujaza fomu

Mwaka 1903 mwalimu wa shule wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha mlinganyo ambao kila roketi inautii hadi leo. Unasema hivi: kasi ambayo roketi inaweza kujiongezea ni kasi ya gesi zinazotoka kwenye nozeli (mdomo wa injini wa kutolea gesi), mara logarithimu asilia ya tungamo la roketi iliyojaa, kugawanya kwa tungamo lake mafuta yakiisha. Ni hesabu ya kidato cha tano. Chukua kikokotoo tuifanye pamoja.

Roketi inayochoma mafuta ya taa yaliyosafishwa pamoja na oksijeni ya kimiminika hutoa gesi kwa kasi ya mita 3,000 hivi kwa sekunde. Tuseme inaondoka ardhini ikiwa na tani 100, na mafuta yakiisha zimebaki tani 10. Mia kugawanya kwa kumi ni 10; logarithimu asilia ya 10 ni 2.303; zidisha kwa 3,000, unapata mita 6,900 kwa sekunde. Kubaki kwenye mzingo wa chini kuizunguka dunia kunataka kasi ya mita 7,800 hivi kwa sekunde. Ongeza kinachopotea kwa kushindana na mvutano wa dunia na upinzani wa hewa, na roketi inatakiwa iwe na uwezo wa takriban 9,400. Hatujafika.

Sasa igeuze hesabu. Ili ufikie 9,400 kwa gesi ya kasi ya 3,000, tungamo la mwanzo lazima liwe karibu mara 23 ya lile la mwisho. Katika tani 100 za kuondokea, zaidi ya tani 95 ni mafuta na oksijeni. Tani nne na kidogo zinazobaki ndizo zigawanwe kati ya matangi, injini, nyaya, kompyuta na setilaiti yenyewe. Ndiyo maana roketi hujengwa kwa vipande viwili au vitatu, na kila kipande kikimaliza mafuta yake hudondoshwa ili kisibebwe bure.

Rudia hesabu ukitumia haidrojeni ya kimiminika, ambayo gesi yake inafika mita 4,400 hivi kwa sekunde. Uwiano unashuka hadi 8.5, na katika tani 100 unabakiwa na karibu tani 12 badala ya nne. Ni nafuu kubwa sana. Lakini haidrojeni hiyo lazima ihifadhiwe kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na ni nyepesi kiasi kwamba matangi yake huwa makubwa mno. Unapata hapa na kulipa pale.

Nimekaa kwenye hesabu hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni kipimo chako. Ikiwa umeifuata na ukatamani kujua mita 1,600 zinazozidi zinapotelea wapi hasa, kazi hii inakufaa. Ikiwa imekuchosha, bado una nafasi kwenye sekta ya anga, ila si kwenye kubuni roketi. Pili, orodha ya kozi imo ndani ya mlinganyo huo. Kasi ya gesi ni kazi ya watu wa injini: uchomaji, kemia, thamodinamiki (elimu ya joto na nishati). Tungamo la mwisho ni kazi ya watu wa miundo na mata, yaani metali na vitu vingine vya kuundia: nani atatengeneza tangi jepesi lisilopasuka? Na mlinganyo haujasema lolote kuhusu roketi inaelekea wapi. Hilo wameachiwa watu wa elektroniki, udhibiti na programu.

Hatua ya pili: Chagua sehemu ya roketi, kisha kozi

Injini. Hapa shahada mama ni uhandisi mitambo, na baada yake uhandisi kemikali. Tom Mueller, aliyeongoza ubunifu wa injini za Merlin za roketi za Falcon za kampuni ya SpaceX ya Marekani, alisoma uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Idaho, chuo cha umma cha jimbo ambalo watu wengi hulijua kwa viazi. Sehemu ngumu kupita zote kwenye injini kubwa ya mafuta ya kimiminika ni pampu inayozungushwa na tabo (gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na gesi, kwa Kiingereza turbine), ambayo husukuma mafuta kwenye chumba cha uchomaji kwa shinikizo kubwa. Somo la pampu na tabo hilo ni lile lile linalofundishwa kwa wahandisi wa mitambo ya umeme wa maji. Mhandisi anayeelewa kwa nini mapovu hutokea ndani ya pampu na kula mapanga yake amekwisha kuelewa mojawapo ya maradhi makuu ya injini za roketi.

Uhandisi kemikali unastahili kuangaliwa upya na vijana wetu, hasa Watanzania. Injini za Raptor za Starship, roketi kubwa ya SpaceX, huchoma methani ya kimiminika. Gesi asilia ya Mtwara na Lindi kwa sehemu kubwa ni methani, na mradi wa kuchakata gesi kuwa kimiminika uliokuwa ukijadiliwa kwa miaka mingi kule Lindi unahusu teknolojia ya kuipoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kuihifadhi na kuisukuma bila kuvuja. Mtu atakayejifunza kazi hiyo kwenye gesi ana ujuzi ambao kituo cha kurushia roketi kinauhitaji kila siku.

Muundo na mata. Uhandisi mitambo tena, au uhandisi wa metali ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huufundisha pamoja na uchenjuaji wa madini. Wengi huuona kama kozi ya migodini tu. Lakini kwa nini Starship imejengwa kwa chuma kisichoshika kutu badala ya aluminiamu? Kwa sababu chuma hicho hakilegei kirahisi kwenye joto la kurudi duniani, na baadhi ya aina zake huzidi kuwa imara kwenye baridi kali. Hilo ni swali la mtu wa metali. Hata uhandisi ujenzi una mlango hapa, kwa kuwa uchambuzi wa miundo myembamba inayobeba mizigo mikubwa ni fani yao.

Uelekezaji na udhibiti. Uhandisi umeme, elektroniki, au mekatroniki (mchanganyiko wa mitambo, elektroniki na kompyuta). Roketi ni mti mrefu unaosukumwa kutokea chini. Ukiuacha peke yake utapinduka. Kompyuta husoma vihisi mara nyingi kwa kila sekunde na kuinamisha nozeli kidogo kidogo ili isianguke. Somo la kulitafuta kwenye kozi yoyote ni udhibiti wa mifumo. Kozi ya umeme isiyokuwa na somo hilo kwa kina haitakufikisha hapa.

Programu. Sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta, au hisabati. Margaret Hamilton, aliyeongoza timu ya programu za kompyuta za vyombo vya Apollo vilivyopeleka watu mwezini, alikuwa na shahada ya hisabati kutoka chuo kidogo cha Earlham. Kwa anayechagua njia hii, ujue kuwa programu ya roketi haifanani na kutengeneza aplikesheni ya simu. Jifunze lugha za C na C++, mifumo inayojibu kwa wakati maalumu, na namna ya kuhakiki programu kabla haijapaa, kwa sababu ikishapaa huwezi kuizima na kuiwasha.

Njia ya kupaa na aerodinamiki (elimu ya kani za hewa). Hapa uhandisi wa anga, fizikia na hisabati hukutana. A. P. J. Abdul Kalam alianza na shahada ya fizikia, kisha akasoma uhandisi wa ndege, na baadaye akaongoza mradi wa SLV-3, roketi ya India iliyofikisha setilaiti ya Rohini kwenye mzingo mnamo Julai 1980. Fizikia ni msingi mzuri mno, lakini kwa Afrika Mashariki nina tahadhari: bila shahada ya uzamili ya uhandisi juu yake, ni vigumu kuajiriwa kama mhandisi.

Na uhandisi wa anga wenyewe? Kenya ina kozi hizi: Kenyatta University hufundisha uhandisi wa anga, na Technical University of Kenya hufundisha uhandisi wa ndege. Ukipata nafasi na ukawa na uhakika wa kuendelea na uzamili, nenda. Ukiwa huna uhakika huo, mimi ningekushauri uhandisi mitambo au umeme. Anayesoma uhandisi mitambo hukutana na masomo mengi yale yale, kisha roketi zikichelewa bado anaweza kufanya kazi kwenye reli ya SGR, viwanda vya saruji, au bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kuchagua shahada pana si kuipunguza ndoto. Ni kujipa miaka ya kuisubiri ukiwa na mshahara.

Hatua ya tatu: Usichanganye kozi zinazofanana kwa majina

Matengenezo ya ndege ni kazi ya heshima na yenye ajira, lakini inakufundisha kutunza ndege kwa kufuata vitabu vya mtengenezaji, haikufundishi kubuni. Urubani ni ujuzi mwingine kabisa. Usimamizi wa usafiri wa anga ni kozi ya biashara. Elimunyota inahusu nyota na galaksi; anayeisoma hutumia data ya vyombo vilivyopelekwa na roketi. Jiomatikia (upimaji na uchoraji ramani za ardhi) na upigaji picha za dunia kwa setilaiti ndiko ajira nyingi za sekta ya anga ziliko kwa sasa Nairobi na Dar es Salaam, na ni fani yenye manufaa makubwa kwa kilimo na ardhi, ila si njia ya kufika kwenye injini.

Hatua ya nne: Masomo ya sekondari, na njia ya aliyekwama

Tanzania, mchepuo ni PCM: fizikia, kemia na hisabati ya juu. PGM (fizikia, jiografia na hisabati) inaweza kukuingiza kwenye baadhi ya kozi za uhandisi, lakini kemia utaihitaji, kwa hiyo ukiwa na hiari shika PCM. Kenya, weka nguvu kwenye hisabati, fizikia na kemia, na katika mtaala mpya wa umilisi chagua mkondo wa sayansi na teknolojia. Kongo, sehemu ya hisabati na fizikia ndiyo njia iliyonyooka.

Aliyeishia kidato cha nne, au ambaye alama za kidato cha sita hazikumtosha, asijihesabu ametoka. Diploma ya uhandisi kutoka chuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha hukuruhusu kuomba shahada kwa sifa linganishi, ukiwa na GPA inayotakiwa. Na roketi haiundwi na wenye shahada peke yao. Mtu anayejua kuchomelea chuma chembamba bila kukipinda, anayejua kukereza kipande kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita, anayelehemu saketi isiyoachia kwenye mtetemo: hao hawatoshi popote duniani. Mwanafunzi wa uhandisi aliyepitia diploma mara nyingi huwazidi wenzake karakanani, na karakana ndiyo inayoamua kama roketi ya wanafunzi itapaa.

Hatua ya tano: Soma muhtasari wa kozi, usisome jina

Kila chuo kina orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Iombe au ipakue, kisha uangalie kama haya yamo: kalkulasi hadi milinganyo tofautishi, mekanika ya vimiminika na gesi, thamodinamiki, uhamaji wa joto, uimara wa mata, mtetemo, udhibiti wa mifumo, na hesabu za kompyuta. Kwa uhandisi mitambo, yakikosekana mawili hadi matatu, jiulize mara mbili.

Kisha uliza maswali ambayo tovuti haijibu. Karakana inafunguliwa kwa wanafunzi saa ngapi, na mashine zake zinafanya kazi? Mradi wa mwaka wa mwisho ni wa kuunda kitu au wa kuandika ripoti tu? Mhitimu wa mwaka jana alikwenda wapi kwa mafunzo kwa vitendo? Ongea na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Atakuambia ukweli kuliko ofisi ya udahili.

Hakikisha pia kozi inatambuliwa na bodi ya wahandisi: ERB kwa Tanzania, EBK kwa Kenya. Ukisoma nje, tafuta ithibati ya taifa husika, kwa mfano ABET kwa Marekani. Shahada isiyotambuliwa itakuzuia kujisajili kama mhandisi hata ukirudi na alama za juu.

Hatua ya sita: Uraia wako, jambo ambalo washauri wengi hawalisemi

Teknolojia ya roketi na ya makombora ni moja. Kwa sababu hiyo nchi kubwa huilinda kwa sheria. Tangu mwaka 1987 kuna makubaliano ya mataifa yanayodhibiti usambazaji wa teknolojia inayoweza kubeba kilo 500 kwa umbali wa kilomita 300, na kipimo hicho kinagusa roketi nyingi za setilaiti.

Marekani ndiyo kali zaidi. Sheria zake za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia ya kijeshi, zijulikanazo kama ITAR, zinasema taarifa za kiufundi za roketi haziwezi kukabidhiwa mtu wa nje bila kibali maalumu cha serikali, hata kama mtu huyo yumo ndani ya Marekani na ana digrii ya chuo chao. Kampuni hazipendi usumbufu wa kuomba kibali. Matokeo yake, mwanafunzi wa Kitanzania au wa Kenya anaweza kupata ufadhili, akahitimu uhandisi wa anga kwa alama za juu, akapewa ruhusa ya kufanya kazi miaka mitatu kwa wahitimu wa sayansi na uhandisi, na bado matangazo ya kazi za roketi yakamwekea sharti asilolitimiza. NASA yenyewe, shirika la anga la Marekani, huajiri raia wa Marekani kwa nafasi zake za kudumu. Ni maumivu makubwa kuligundua hili mwaka wa nne. Ligundue leo.

Wanaoruhusiwa na sheria hiyo ni raia, wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), na waliopewa ukimbizi au hifadhi. Rudia hapo. Maelfu ya familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo ya mashariki zimehamishiwa Marekani kama wakimbizi, wengi wao kupitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Mtoto wa familia kama hiyo, aliyeko shule leo Kentucky au Texas, mlango huu kwake uko wazi kisheria. Kwake uhandisi wa anga ni chaguo la moja kwa moja, na chuo cha umma cha jimbo analoishi kitamtoza ada ya mkazi. Kama una jamaa kule, mfikishie habari hii.

Shirika la Anga la Ulaya, ESA, huajiri raia wa nchi wanachama wake. Lakini kampuni changa za roketi za Ujerumani, kama Isar Aerospace iliyojaribu kurusha roketi yake ya kwanza kutoka Andøya, Norwei, Machi 2025, zina wahandisi wa mataifa mengi. Kwa mtu wa kwetu asiye na uraia wa huko, hapo pana matumaini kuliko Marekani. Na kazi za setilaiti ndogo ziko wazi zaidi kuliko za injini, karibu kila mahali.

Kama umeamua Marekani kwa sababu umepata ufadhili kamili, nenda bila hofu, elimu yake ni bora. Ila soma uhandisi mitambo, umeme au kompyuta, na masomo ya anga yawe ya ziada, ili ajira yako isitegemee mlango mmoja uliofungwa.

Hatua ya saba: Nchi za kuangalia

Ujerumani. Vyuo vingi vya umma havitozi ada kubwa, ingawa jimbo la Baden-Württemberg, liliko Chuo cha Stuttgart chenye jina kubwa kwenye uhandisi wa anga, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na TU Munich nayo imeanza kuwatoza. Viza ya mwanafunzi hudai uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi wa nje, ni wa kuutafuta hasa kwa uzamili.

Italia inatuhusu kuliko tunavyokumbuka. Mradi wa San Marco, chini ya profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni karibu na Malindi kati ya 1967 na 1988. Setilaiti iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Uhusiano huo haujafa: Sapienza na Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana kwenye 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi Mei 2018. Ada za vyuo vya umma vya Italia hupangwa kwa kipato cha familia, na mikoa hutoa ruzuku ya malazi na chakula kwa wenye kipato cha chini. Kwa Mkenya wa pwani anayetaka roketi, ningeanzia hapa.

Japani hutoa ufadhili wa MEXT, wizara yake ya elimu, kupitia ubalozi, na Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu imewafundisha Waafrika wengi kuunda setilaiti ndogo. PearlAfricaSat-1 ya Uganda iliundwa huko na wahandisi wa Uganda wenyewe, ikarushwa Novemba 2022. Uturuki ina ufadhili wa serikali, na chuo kikuu cha ODTÜ cha Ankara hufundisha uhandisi wa anga kwa Kiingereza. China ina Chuo cha Beihang jijini Beijing. Urusi hutoa nafasi za serikali kila mwaka, na Taasisi ya Anga ya Moscow ina historia ndefu, ila utatumia mwaka mzima kujifunza lugha. Afrika Kusini ni karibu, na kundi lile la Durban liko wazi kwa mtu wa uzamili mwenye mikono ya kazi.

Hatua ya nane: Unda kitu kabla hujahitimu

Anza na chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji robo yake, pampu ya baiskeli yenye geji na mapezi ya plastiki. Vaa miwani ya kinga, simama mbali, tumia chupa ya soda pekee, kwa kuwa chupa za maji ya kunywa hazikutengenezwa kuhimili shinikizo. Badilisha kiasi cha maji, pima kimo, chora grafu. Kisha pakua OpenRocket, programu ya bure ya kubuni roketi ndogo, ujifunze kwa nini kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha kani za hewa. Ukiwa chuoni, tengeneza kompyuta ndogo ya roketi kwa ESP32 (chipu ya bei nafuu inayopangiwa programu), kihisi cha shinikizo la hewa na cha mchapuko (kasi inavyobadilika). Gharama yake haizidi ya simu ya bei nafuu.

Usichanganye mafuta ya roketi nyumbani. Nalisema kwa uzito wote. Vijana hujifunza mtandaoni kupika mafuta ya sukari jikoni, na watu wameungua hivyo. Vilipuzi vina sheria yake, na anga ina mamlaka yake. Injini inayochoma mafuta iwe chini ya chuo, msimamizi na vibali. Kundi la Nakuja la chuo kikuu cha JKUAT, Kenya, ni mfano wa wanafunzi wanaounda roketi kwa utaratibu huo. Chuoni kwako hakuna kundi? Watu watano wa idara tofauti wanatosha kuanzisha: wawili wa mitambo, wawili wa umeme, mmoja wa kompyuta, na mhadhiri mmoja wa kusaini barua.

Kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, kataa mada ya jumla. Omba kutengeneza jukwaa la kupimia msukumo, nozeli iliyokokotolewa na kukerezwa, tangi dogo lililopimwa kwa maji hadi kupasuka, au mfumo wa kufungua parachuti. Kila kimoja ni kazi halisi ya roketi, na kinafanyika kwenye karakana ya kawaida.

Hatua ya tisa: Kutoka shahada ya kwanza kwenda uzamili

Hapa ndipo unapobobea. Mwaka wa tatu, andika orodha ya maprofesa wenye maabara za injini au udhibiti, soma kazi moja ya kila mmoja, kisha mwandikie barua pepe fupi. Mweleze ulichounda, ambatanisha grafu ya vipimo vyako na ukurasa mmoja wa maelezo, uliza kama anachukua wanafunzi mwaka ujao na kwa ufadhili upi. Usimweleze kwamba uliota kuwa mwanaanga ukiwa mdogo. Barua za namna hiyo anazipata kila wiki.

Maombi ya MEXT kupitia ubalozi kwa kawaida hufunguliwa kati ya Aprili na Juni. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamili Desemba au Januari. Pasipoti, vyeti vilivyothibitishwa na barua za wahadhiri huchukua muda kuliko unavyodhani, kwa hiyo mwombe mhadhiri wako barua angalau miezi miwili kabla, na umpelekee nakala ya mradi wako ili awe na cha kuandika.